Sahihi Yako Ingali Inapima Wagonjwa

Papa,

Nimekaa kwenye benchi lako, lile la kufundishia watu kusimama. Sali yetu ya kine, chumba cha tiba ya viungo, iko tupu. Leo ni Jumapili, wenzangu wako kanisani, na mimi Mwislamu ndiye niliyebaki kulinda vyuma na magongo. Ufunguo wa sali bado ninao. Wa droo yako sina tena, na hilo ndilo la kwanza ninalotaka ulijue, maana nimechoka kulibeba peke yangu. Niliutoa mwenyewe. Wiki moja baada ya kukuzika Direkteri aliniita, akasema anataka kuhesabu vitu vya marehemu, nami nikauchomoa kwenye pete yangu nikamtilia mkononi. Na nilijua vizuri kabisa kuna nini ndani ya ile droo.

Nina hasira nawe. Nianze hapo, kwa sababu hukuwahi kumpenda mtu anayezungukazunguka. Nina hasira na Direkteri pia, na yake ni kubwa zaidi, lakini yeye nitamwambia kesho usoni. Wewe nitakuambia wapi? Kwa hiyo tulia unisikilize, na leo usinikate kauli.

Huu ni mwezi wa nne tangu uende. Picha yako wameitundika ukutani juu ya kioo, ile uliyovaa koti jeupe linalokubana tumboni, wakaizungushia maua ya plastiki. Kila anayejifunza kutembea katikati ya vyuma viwili anatembea akikuelekea wewe. Siku ya mazishi Direkteri alisema mbele ya padri kwamba kituo kimepoteza nguzo. Sawa. Nguzo ya nyumba ikianguka, mwenye nyumba anatafuta nyingine kabla mvua haijaingia. Yeye hakutafuta. Hakuna kine mwingine aliyeletwa, mtaalamu wa viungo kama wewe, hata wa siku mbili kwa wiki. Tumebaki mimi asubuhi na Bahati mchana, asistanti wawili, na hakuna kati yetu mwenye ruhusa ya kumpima mgonjwa mpya na kuamua afanyiwe nini. Hiyo ilikuwa kazi yako. Yetu ilikuwa kufanya ulichopanga, kuangalia mwili unajibu vipi, na kukuletea habari. Nilipomuuliza Direkteri ni nani sasa atakayepima, alinijibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Maman Zuhura, masaji haiuake mutu."

Nilitaka kupasuka. Miaka kumi na moja nimefanya kazi hii nawe, na mtu aliyesomea udaktari bado anadhani sisi ni wapaka mafuta. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, anamwandikia masaji. Mzee aliyepooza upande mmoja, masaji. Yule kijana aliyekatwa mguu, unamkumbuka, naye masaji mara kumi, sijui tuukande mguu upi. Ulikuwa unazichukua karatasi zake hizo, unazigeuza, unaandika mpango wako mgongoni, kisha unanitazama juu ya miwani: "Andika, binti ya Uvira. Ule anajua kupasua. Kusimamisha mutu, hajui." Tulicheka. Sasa sicheki, kwa sababu hakuna tena anayeigeuza karatasi.

Siku niliyofika kutoka Uvira ulikicheka Kiswahili changu. Niliomba nielekezwe mahali pa kubadilishia mavazi, na wagonjwa wote wakageuza shingo. "Huyu anaongea sawa redio," ukasema. Kisha ukanipa mita ya fundi nguo, ile ya njano, ukaniambia nimpime kila atakayeingia unene wa mashavu ya miguu, yote mawili, hata akija kwa sababu ya kidole cha mkono. Papa mmoja alikuja na shingo iliyokaza, akaondoka akilalamika hadi barabarani: "Miye niko na shingo, bo banapima miguu." Na mimi pia nilidhani una kasoro kichwani. Nilipima tu kwa sababu nilikuwa mgeni na nilikuogopa.

Mwezi haujaisha akaingia mama mmoja aliyetoka kujifungua, analalamika kiuno. Nikampima. Shavu la mguu mmoja lilikuwa limezidi la pili kwa upana wa vidole viwili. Nilikuita nikidhani nimeshika mita vibaya. Uliacha chai yako. Hukubonyeza. Ulilaza mgongo wa kiganja pale, ukatulia, kisha ukachukua mkono wangu ukaulaza mahali pa wako. Palikuwa na moto. Ukanivuta pembeni ili asisikie. "Ukikanda hapa, ile damu yenye iliganda itatoka, itapanda ku mapafu, na utakuwa umeua mutu na mikono yako mizuri." Siku hiyo ulimsukuma mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu hadi hospitali kubwa, na ule mlima, na mgongo wako ulivyokuwa. Alipona. Mtoto wakampa jina lako, Mugaruka, na ulijisifu mwaka mzima.

Angalia. Gusa. Uliza. Kisha njo ufanye. Maneno yako hayo nimeyasema mara nyingi kuliko jina langu.

Sasa nieleze. Mtu wa kupima kila shavu la kila mguu, mtu wa kuacha chai, ndiye huyo huyo wa zile fishi za Jumatatu?

Ulitufundisha kwamba bila fishi hakuna ruhusa ya kumgusa mtu. Ile karatasi ya kijani: kine anaandika alichokiona, anachoruhusu, anachokataza, halafu chini anatia sahihi na kupiga kashe, ule muhuri wenye jina lako na cheo chako. Na kila Jumatatu asubuhi ulikuwa unatoa kwenye mfuko wako rundo la fishi tupu. Hazina jina la mtu, hazina mguu wala mkono, hazina neno. Lakini chini sahihi imeshakaa na kashe imeshapigwa. Wiki nzima mimi na Bahati tulizijaza. Ukiwa umeshuka Sange kuwaona wagonjwa wa bondeni, tulizijaza. Tulikupigia simu, tukakueleza tulichokiona, ukasema andika hivi, usifanye vile, mwite dokta. Ilikuwa kine ya kwenye simu lakini ulikuwepo, masikio yako yalikuwepo. Ulisema wagonjwa wametoka mbali, hawawezi kurudishwa kwa sababu ya sahihi. Ilikuwa kweli. Walikuwa wengi nawe ulikuwa mmoja.

Mimi mwenyewe nimejaza ngapi? Sijui. Sikuwahi kukuuliza hata mara moja kama ni sawa. Niliona fahari, Papa. Nilijiona mtu mkubwa kwamba unaniachia jina lako nilijazie juu.

Kisha presha ikakuangusha, upande wa kulia ukafa. Nilikuja nyumbani kwako Nguba kila siku baada ya zamu. Nilikunyosha vidole, nilikugeuza, nilikupakata bega kama ulivyonifundisha, nilikuwekea kijiko mkononi kikaanguka, nikakiokota, kikaanguka. Ulikuwa mgonjwa mbaya kuliko wote niliowahi kuwaona. Kwa nusu ya mdomo iliyobaki ulinikemea kwamba nashika kiwiko vibaya. Mkono huo wa kulia haukuandika tena hata herufi moja hadi ulipoondoka. Liweke hilo, nitalirudia.

Mwezi wa pili baada ya mazishi akaingia Maman Nsimire. Hukumjua, naye hakukujua. Ni mbebaji wa soko la Nyawera, mmoja wa wale wanawake wanaobeba magunia mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Alikuwa ameshuka Sange kwa msiba wa shangazi yake, akapanda juu ya lori la mchele, likamwangusha, mguu wa kushoto ukavunjika chini ya goti. Alibaki kule kule kwa dada yake na plasta yake hadi ilipokatwa, ndipo akapanda kurudi Bukavu. Direkteri akamwandikia masaji mara kumi. Na alipofika mbele yangu, Papa, alikuwa na fishi mkononi. Ya kijani. Jina lake limeandikwa kwa mwandiko wa sekretari, na chini ya jina: "Hakuna kizuizi. Masaji." Mahali pa tarehe patupu. Na chini kabisa ile M yako yenye mkia mrefu, na kashe.

Nikaikumbuka droo yako na zile fishi tupu zilizobaki ndani. Uko makaburini miezi miwili, na asubuhi hiyo umempima mtu.

Nilimlaza, nikatoa mita. Shavu la kushoto lilikuwa limezidi. Mguu uliotoka kwenye plasta unatakiwa uwe mwembamba, hata mgeni wa kazi anajua, na huu ulikuwa umejaa unang'aa. Nikalaza mgongo wa kiganja. Moto. Nikamwambia sitamkanda, na asikubali mtu yeyote amkande, tunakwenda kwanza kwa Direkteri amwandikie akapigwe picha ya mishipa. Akaanza kulia. "Maman, juu ya nini unaninyima mikono? Juu niko mubebaji?" Nilimweleza, lakini alikuwa ameshasikia anachosikia kila siku pale sokoni, kwamba wengine wanapewa na yeye ananyimwa. Siku hiyo kazi yangu yote ilikuwa kutomgusa, na sijui namna ya kumfanya mtu aione hiyo kuwa kazi.

Direkteri alinisikiliza amesimama mlangoni. "Nani ameona hiyo? Weye? Asistanti anatumikaka tu. Kine ameisha kumuona, soma fishi." Nikamwambia kine yuko kaburini. Nilisema kwa sauti, wagonjwa wakasikia. Saa sita haijafika nilikuwa na demande d'explication mkononi, ile barua ya kumtaka mtu ajieleze ndani ya saa arobaini na nane kabla hajaadhibiwa. Kosa langu: kukataa kazi na kumdharau mkubwa. Akaniambia nirudi nyumbani. Nami nilirudi, Papa. Nilishuka hadi Nyawera, nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, nikaenda nyumbani nikapika. Sikungoja kwenye ngazi. Sikumngojea Bahati nimwambie. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinipeleka nyumbani. Hilo nalo ni langu.

Bahati aliingia zamu mchana akamkuta Maman Nsimire bado ameketi kwenye benchi na fishi yake. Alisoma. Hakutoa mita. Bahati, ambaye amepima hata wachungaji na wanajeshi, siku hiyo hakupima, kwa sababu wewe ulikuwa umeshapima. "Mi niliona kashe ya Papa," aliniambia baadaye. "Mi ni nani wa kukatala kashe ya Papa?" Alidhani ni fishi ya zamani, ya siku zako, iliyokuwa inangoja plasta itoke. Akamkanda. Akamkanda vizuri, kutoka kifundoni kwenda juu, polepole, kwa mikono uliyoifundisha wewe mwenyewe.

Maman Nsimire alikosa pumzi njiani akipanda kwenda kwake. Watu wa pikipiki ndio waliomkimbiza hospitali kubwa.

Hakufa. Nakuambia haraka kwa sababu najua sasa umeshika kichwa. Alilala kwenye oksijeni siku nyingi, akatoka. Lakini gunia hatabeba tena. Anakaa pembeni mwa soko anamchambulia mwanamke mwingine sambaza, wale dagaa wa ziwani, kwenye sinia, na akisema maneno kumi anasimama kuvuta hewa. Nilikwenda kumsalimia. Hakunifukuza. Alinionyesha kwenye simu ya mtu picha ya sali yetu, na wewe juu ya kioo na maua yako. "Ule Papa wa ku picha, miye sikumuonaka hata siku moja," akasema. "Juu ya nini banasema alinipima?"

Banasema, Papa. Wamesema. Watu wa zone ya afya, wakaguzi wa serikali, walipokuja kuuliza, fishi ilitoka kwenye faili ikiwa na tarehe. Maneno yameandikwa kwa wino mweusi, tarehe kwa wino wa buluu. Ni Alhamisi moja ya wiki zako za mwisho. Alhamisi hiyo nilikuwa Nguba nakulisha uji, mkono wako wa kulia umelala umekufa, ukanitemea nusu yake kwenye blauzi. Alhamisi hiyo Maman Nsimire alikuwa Sange na plasta yake. Hakuna aliyemuuliza. Ni mbebaji, na ile ni karatasi yenye kashe. Direkteri akasimama hapa hapa chini ya picha yako, akainamisha kichwa, akawaambia wageni: "Muzee alikuwa mugonjwa. Alimupima, akakosea. Mungu amusamehe."

Anakuombea msamaha. Yeye.

Mambo yakapangwa vizuri ili yasimuumize mtu aliye hai. Bahati alifuata fishi, basi hana kosa. Direkteri alifuata kine, basi hana kosa. Kine amekufa. Na mimi, Ijumaa aliniita ofisini, akanipa kiti, kitu ambacho hajawahi kunipa, akaniwekea karatasi iliyoandikwa tayari: mimi Zuhura nathibitisha kwamba fishi hiyo niliikuta kwenye faili tangu enzi za marehemu. Nikiisaini, ile demande d'explication inachanwa, na sali inakuwa yangu, mimi ndiye mkubwa. "Weye ni mutu wa heshima, Maman Zuhura. Wafu hawaumwake." Kesho Jumatatu saa tatu tume ya zone ya afya inakaa, anataka karatasi yake.

Wafu hawaumwi. Nikaufikiria mkono wako wa kulia, nikatoka bila kusaini.

Sasa sikiliza. Ninayo moja. Mwezi ule kabla hujaanguka ulinipa fishi tatu nishuke nazo Sange badala yako. Nilitumia mbili. Ya tatu ilibaki kwenye daftari langu la mazoezi, nikaisahau, nikaiona wiki iliyopita nilipokuwa natafuta maneno ya kujieleza mbele ya tume. Iko hapa juu ya benchi, naiona ninapoandika. Ni tupu, na sahihi iko chini. Ile M yako imenyooka, mkia wake mrefu, mkono mzima wa mtu mzima.

Nikisaini karatasi ya Direkteri, unabaki kine aliyepitwa na shavu lenye moto. Wewe. Nikiiweka hii mezani, unakuwa kine aliyetia sahihi karatasi tupu miaka na miaka. Mlango wa tatu nimeutafuta, haupo: nikisema tu kwamba mkono wako ulikuwa umekufa, watauliza sahihi ilitoka wapi. Na hii ya pili inanivuta na mimi pia, kwa sababu watauliza ni nani aliyekuwa anazijaza, na nitasema ni mimi. Wanaweza kunitoa kazini. Wanaweza kunikataza kumgusa mgonjwa popote, na mimi sijui kazi nyingine.

Nilitaka kuichoma. Nilishaishika juu ya jiko la mbabula, makaa yamewaka, nikasema basi, tukose ushahidi sote, kila mmoja abaki na aibu yake ndogo. Kisha nikamwona Maman Nsimire na sinia lake. Nikairudisha kwenye daftari.

Jana nilikwenda Nguba kwa Maman, mke wako. Nilikwenda kumwomba ruhusa, na nilikuwa nimejiandaa anifukuze. Nilimweleza yote tukiwa jikoni anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa. "Unawaza miye sikujuaka? Kila siku ya Mungu, kisha misa na chakula, alikuwa anaondosha masahani, anapanga makaratasi yake ku meza. Kashe yake, paka, paka, paka. Nikamuuliza, Mugaruka, unasaini nini pasipo kusoma? Akanijibu, hakuna kitu ya kusoma." Akacheka kidogo, kisha akalia, kisha akanawa mikono akaingia chumbani. Alitoka na kile kidaftari chako cha jalada jekundu. Ndani umebandika nakala za barua zako kwa Direkteri. Sita. Zote zinaomba kitu kimoja, kine wa pili, hata kijana aliyetoka shule juzi, kwa sababu unaogopa kwamba siku moja mtu ataumizwa. Pembeni mwa moja, iliyorudishwa kwako, Direkteri ameandika kwa mkono wake: "Masaji haihitaji watu wawili."

Hukutuambia. Miaka yote hiyo hukutuambia hata neno.

Na hapo ndipo hasira yangu nawe ilipokaa mahali pake. Ulikuwa unaandika barua kwamba kine mmoja hatoshi, halafu Jumapili unaketi mezani unaonyesha kwa kashe yako kwamba anatosha. Kila fishi tupu uliyoitia sahihi ilimjibu Direkteri kwa niaba yako. Wagonjwa walihudumiwa, foleni ilikwenda, makaratasi yalikuwa yamekamilika, basi amwajiri mwingine wa nini? Ulimzibia tundu kwa jina lako. Ulipokufa akakuta limeshazibwa, akaendelea. Ungeziacha Jumatatu moja wagonjwa warudi nyumbani. Ungewaacha wapige kelele pale uani hadi asikie. Lakini uliwahurumia, nasi tukakusaidia kuwahurumia, na Maman Nsimire ndiye aliyelipishwa huruma yetu kwa pumzi zake.

Nimelia nikiandika hapo. Usidhani nimekuchukia. Ningekuchukia, karatasi ya Direkteri ningeisaini Ijumaa hiyo hiyo.

Maman alinipa kile kidaftari nilipokuwa mlangoni. "Peleka hii pia," akasema. "Useme alisaini. Lakini useme pia alikuwa peke yake." Nimemwahidi. Bahati naye nimemwambia leo asubuhi. Amesema atakuja kusimama kando yangu, ijapokuwa anaweza kubaki nyumbani bila mtu kumlaumu.

Kwa hiyo kesho, Papa, ni Jumatatu, siku yako ya kugawa fishi. Saa tatu nitaingia mule ndani. Hii ya kwako nitaiweka mezani ikiwa tupu hivi hivi. Sitawasomea Kiswahili changu cha redio. Nitawauliza kwa chenu cha Bukavu, ili hata mlinzi aliye nje asikie: Munionyeshe mugonjwa iko wapi hapa. Nitawanyamazia hadi mmoja wao ajibu. Kisha nitafungua kidaftari chekundu. Kisha nitasema ni mimi niliyezijaza, mimi na mwandiko wangu, na nitawaomba wamwite Maman Nsimire wamwulize Alhamisi ile alikuwa wapi, kwa sababu tangu mwanzo hakuna aliyemuuliza, na kuuliza ni la tatu katika yale yako.

Wakiishusha picha yako, nitaipokea mimi nikiwa chini ya ngazi, niipeleke Nguba. Maua ya plastiki nitawaachia. Wakinitoa na mimi, nitatoka na mita ya njano mfukoni, hiyo haimo kwenye hesabu yao ya vitu. Na nakuahidi jambo moja. Popote nitakapofanya kazi, sitamgusa mtu ambaye hakuna macho ya aliye hai yaliyomwangalia, hata karatasi iwe na kashe ya nani, hata iwe na ya kwako. Hasa ikiwa na ya kwako.

Kengele ya kanisa imelia, watu wanatoka misa. Kabla sijafunga mlango nimekusomea Fatiha, kimya, ukiwa umeniangalia kwa juu na tumbo lako ndani ya koti.

Pumzika sasa. Tangu tukuzike mkono wako wa kulia haujapumzika hata siku moja, wamekuwa wakiufanyisha kazi kule kwenye droo. Kesho nakuja kuulaza kitandani taratibu, kiwiko kimeshikwa vizuri safari hii.

Binti yako wa Uvira,
Zuhura